Krismasi ya Masika: Jinsi Sikukuu Ilivyopanda Ufipa

Kwenye filamu Krismasi ni theluji. Kwetu Sumbawanga ni tope. Mwezi Desemba mvua imeshika, ukungu asubuhi hauruhusu kuona nyumba ya jirani, na kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kibaridi chake si cha mchezo. Ni msimu wa kazi shambani. Ukiwaza vizuri, ni wakati mbaya kabisa wa kufanya sherehe, na ndiyo maana historia ya Krismasi ya Ufipa inanivutia.

Wafipa wa zamani walikuwa na kalenda yao. Masika ilikuwa ya jembe. Mwishoni mwa mvua walifukia majani chini ya vilima vidogo vya udongo ili yaoze yawe mbolea, na msimu uliofuata walivitawanya na kupanda ulezi. Mavuno yakishaingia ghalani ndipo kiangazi kilipoleta mambo mengine: kuyeyusha chuma kwenye yale matanuru marefu ya udongo, harusi, na pombe ya ulezi. Sherehe ilifuata chakula. Huwezi kupika pombe ya kuwatosha wageni mwezi ambao ghala linakaribia sakafuni na mbegu ndiyo kwanza imeingia ardhini.

Kisha ikaja sikukuu isiyoulizia ghala. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868 na kuitwa hivyo kwa sababu ya kanzu zao, walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1879. Mwaka 1885 walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale Karema, ufukweni. Kutoka ziwani wakapanda uwandani, zikazaliwa misheni nyingine, zikiwemo Kate, Chala na Mwazye, huko Mwazye alikozaliwa Kardinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Na kila walipoweka kengele, waliweka kalenda mpya.

Kuingia kwenye kalenda hiyo hakukuwa rahisi. Lavigerie aliagiza mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Kwa hiyo kwa wengi Krismasi ya kwanza wakiwa Wakristo kamili ilikuwa kitu walichokingoja kuliko sisi tunavyongoja basi la Dar.

Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa kabla ya Uhuru, anakumbuka safari zaidi kuliko ibada. Walitoka kijijini mchana wa tarehe 24 kwa miguu, nguo ya sikukuu imefungwa kwenye kitambaa kichwani ili tope lisiifikie. Walilala kwa ndugu wanaokaa karibu na misheni, watoto wamebanana kwenye mkeka mmoja, halafu usiku wakaamshwa kwenda misa ya mkesha. Misa ilikuwa ya Kilatini. “Tulijibu tu, mjukuu wangu. Mungu alikuwa anaelewa,” huwa ananiambia, kisha anacheka. Kurudi nyumbani tarehe 26, jembe lilikuwa pale pale mlangoni.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulibadilisha hilo. Hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 ilifungua mlango kwa lugha za watu, na baada ya hapo Kiswahili, kwaya na ngoma vikachukua nafasi. Mwaka 1969 makao ya jimbo yakatoka Karema, likaitwa Jimbo la Sumbawanga, chini ya Askofu Charles Msakila. Ngome ya ziwani ikabaki historia. Mkesha ukawa wa mjini.

Badiliko jingine kubwa lilikuja kwa gari. Zamani kuja Krismasi kutoka Dar ilikuwa bahati nasibu, kwa sababu barabara ya vumbi kutoka Tunduma ilipoloa ilimeza magari. Lami iliyojengwa kwa fedha za MCC ya Marekani ndiyo iliyowarudisha watoto wa Ufipa nyumbani Desemba. Wanakuja na nguo mpya za watoto na sabufa. Mchele unatoka Bonde la Rukwa, migebuka inatoka ziwani, jogoo anatoka uani, na watoto wa mtaa wanapita nyumba hadi nyumba wakisema, “Tunaomba Krismasi!” Kitu kimoja tu hakijabadilika: mwenye nyumba bado anapiga hesabu ya mbolea moyoni huku akimkaribisha mgeni pilau.

Sasa, haya yote tunayajuaje? Mapadre Weupe walitakiwa kuandika shajara ya kila siku kwenye kila misheni. Hazina kubwa, lakini ni macho ya upande mmoja. Roy Willis alituandikia falme za Ufipa katika A State in the Making (1981). Kathleen Smythe alikwenda mbali zaidi: katika Fipa Families (2006) alikaa na wazee wa Nkansi, akasikiliza jinsi familia zilivyoupokea Ukatoliki, na jinsi babu na bibi walivyokuwa walezi na walimu wa watoto. Nilipokisoma nilifurahi na kuona wivu kidogo. Maswali yale yalikuwa ya kuulizwa na sisi pia, kwa Kifipa, tukimenya viazi.

Ndiyo maana burudani yangu ninayoipenda kuliko zote wakati wa sikukuu si muziki wala bia. Ni tarehe 26, ile inayoitwa siku ya kufungua zawadi ingawa kwetu hakuna zawadi ya kufungua. Mvua inanyesha, hakuna pa kwenda, wote tumezunguka moto jikoni. Naweka simu juu ya kinu, nabonyeza kurekodi, namuuliza bibi swali moja tu: mlikula nini? Kutoka hapo anakwenda mwenyewe.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ile hati inatolewa mwaka 1963 sasa amevuka sabini. Waliojibu Kilatini bila kukielewa, waliobeba nguo kichwani, wanapungua kila masika, na shajara za mapadre hazikuandika walilala wapi wala walicheka nini njiani. Desemba hii, kama una bibi au babu, kabla hujawasha sabufa, muulize alikula nini.