Chukudu: mti wa magurudumu mawili uliobeba Butembo na Beni

Goma imeijengea chukudu sanamu. Imesimama kwenye mzunguko wa barabara, imepakwa rangi ya dhahabu, na wageni hupiga picha chini yake. Butembo na Beni hazina sanamu ya namna hiyo, wala sijasikia mtu akiidai. Huku chukudu ilikuwa gari la mtu asiye na gari. Ukiisimulia historia yake, umesimulia jinsi barabara za Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, zilivyokufa, na jinsi wakulima walivyokataa kuyatazama mazao yao yakiozea shambani.

Asiyewahi kuiona ajue kwanza inavyotengenezwa. Fundi huanza na mkaratusi, mti uliojaa kwenye vilima vya Lubero, jirani na Butembo, kwa sababu hukua upesi na hunyooka. Humo hutoa ubao mnene wa kupakia, urefu wake karibu mita mbili. Magurudumu hutaka mti mgumu zaidi, usiopasuka ukigonga jiwe. Huchongwa kwa panga na tezo mpaka yawe duara, kisha huvishwa ukanda wa tairi kuukuu na kupigiliwa misumari. Katikati huingia beringi iliyong'olewa kwenye gari lililokufa. Nyuma, juu ya gurudumu, huning'inia kipande kingine cha tairi: hiyo ndiyo breki, na hukanyagwa kwa mguu. Juu ya ubao hubandikwa kipande cha ndala, pahali pa goti. Dereva hupiga goti moja, mguu wa pili husukuma ardhi. Akishaufikia mteremko huacha kusukuma, mlima wenyewe ukafanya kazi.

Chombo kizima hakina injini wala mnyororo, hakinywi tone la mafuta, na fundi mwenye mbao tayari hukimaliza kwa siku chache. Hubeba kilo mia kadhaa kwa safari moja: magunia ya viazi, makaa, matofali, mbao, mikungu ya ndizi. Kupanda ni habari nyingine. Hapo vijana huitwa kusukuma kwa nyuma kwa ujira mdogo, na aliyewahi kuwaona kwenye kilima cha Butembo wakati wa mvua, udongo mwekundu umewafika magotini, hatasema kwamba fedha zile ni za bure.

Wengi huihesabu chukudu kuwa mtoto wa miaka ya 1970, na miaka hiyo ina sababu zake. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na kampuni za wageni zitakabidhiwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Wagiriki na Wabelgiji waliokuwa wakinunua kahawa na kuendesha malori upande huu wakapoteza mali zao, na wengi waliokabidhiwa hawakuijua kazi. Mwaka uliofuata bei ya shaba, iliyokuwa tegemeo la hazina ya nchi, ikaanza kuporomoka. Vipuri vikaadimika, mafuta yakapanda, na barabara zilizochimbwa wakati wa ukoloni zikaachiwa mvua na nyasi.

Lakini ardhi ya Lubero haikuacha kuzaa. Masereka, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, iliendelea kutoa viazi, kabichi na vitunguu. Wafanyabiashara wa Kinande, wenyeji wa eneo hili, walipakia mboga hizo kwenye malori hadi Kisangani, na nyingine zikaruka kwa ndege hadi Kinshasa. Kahawa ikatoka kimagendo kupitia Kasindi hadi Uganda, na nyuma yake yakarudi magari, nguo na mabati. Hivyo ndivyo Butembo, mji uliochipuka kwenye kambi ya wachimba dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1920, ulivyogeuka kuwa mji wa wachuuzi na matajiri huku serikali ikizidi kudhoofika.

Wataalamu wameandika mengi juu ya matajiri hao, nao wanastahili. Ila hesabu ya wataalamu huanzia mahali lori linapopakiwa. Je, gunia lilifikaje kwenye lori? Kutoka shambani hadi barabara kuu kulikuwa na kilomita kadhaa ambazo hakuna lori lililozithubutu, na hapo kulikuwa na njia mbili tu: mgongo wa mama mwenye kamba kwenye paji la uso, au chukudu. Naona hili ndilo jambo kubwa lililoachwa nje ya vitabu. Mgongo mmoja hubeba gunia moja. Chukudu ilibeba matano kwa safari moja, na pale ilipofika iliwapunguzia kina mama sehemu ya mzigo, ingawa hadi leo haijawaondolea wote.

Barabara zenyewe wenyeji walijifunza kuzitengeneza bila kungoja Kinshasa. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi ya Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, aliwahimiza waumini kuchimba barabara na kujenga shule kwa mikono yao, na wafanyabiashara wakachanga fedha za matengenezo. Salongo, kazi ya pamoja iliyoanza kwa amri ya Mobutu, huku iliendelea kufanywa hata amri yenyewe iliposahaulika. Waendesha chukudu nao wana ushirika wao wa kujilinda. Kama watu wengine wa Kivu, huweka likilimba: kila mmoja hutoa franka zake, na kila zamu mmoja hupokea fungu zima. Kwa fungu hilo kijana huacha kukodi chukudu ya mwenzake akapata yake, hulipa ada ya mtoto, au hununua mbuzi wa mahari. Akivunjika mguu mteremkoni, wenzake ndio bima yake.

Vita havikukiacha chombo hiki. Tangu Oktoba 2014 wauaji wa kundi la waasi la ADF wameyageuza mashamba ya Beni, Oicha na Eringeti kuwa pahali pa kuogopwa, na kila kijiji kinapokimbia, chukudu ndiyo hubeba magodoro, masufuria na wazee wasioweza kutembea. Ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, karibu na Beni, na kumalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Kwenye vizuizi vya barabarani kila apitaye alinawa mikono na kupimwa joto, mwenye chukudu sawa na mwenye gari.

Adui anayeiua chukudu kweli, hata hivyo, si bunduki. Ni pikipiki ya bei nafuu kutoka Asia, na nyuma yake lami. Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua mradi wa barabara kule mpakani Kasindi: kilomita 80 hadi Beni, na 54 zaidi kutoka Beni hadi Butembo. Hakuna mwenye akili atakayelilia matope. Lami ikifika na iendelee, mkulima apate bei nzuri, mgonjwa afike hospitali akiwa hai. Lakini sioni kwa nini ustadi wa miaka hamsini ufukiwe chini ya lami hiyo.

Tazameni heshima uliyopewa ubao mwingine wa magurudumu. Huko California, miaka ya 1950, vijana walipigilia magurudumu ya viatu vya kuteleza chini ya ubao wakaanza kucheza. Ubao ule, skateboard, una shirikisho la dunia leo, na mwaka 2021 uliingia Olimpiki kule Tokyo, ambako msichana wa Kijapani wa miaka 13, Momiji Nishiya, alichukua dhahabu.  Si mbali na sisi, Kitintale, mtaa wa Kampala, vijana wamekuwa na uwanja wao wa saruji tangu 2006, uliojengwa kwa mikono ya wakazi. Watoto wa Butembo hawangoji ubao kutoka ng'ambo. Huchonga chukudu ndogo na kushindana kwenye miteremko ya Bulengera, bila kofia ngumu, bila mwamuzi, katikati ya pikipiki.

Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23, sanamu yake pamoja nayo, na serikali ya jimbo inafanyia kazi Beni. Basi ombi langu naliweka kwenye meza ya mameya wa Beni na Butembo. Waiteni mafundi na madereva wa chukudu, muwasaidie kuunda shirikisho lenye hati na sanduku la matibabu. Tengeni kilima kimoja katika kila mji, kifungwe kwa magari siku moja kwa mwezi, watoto washindane wakiwa na kofia. Na fundi mzee alipwe kufundisha vijana kuchonga gurudumu, angali na nguvu za kushika tezo.