Maangamizi: Filamu Iliyobebwa na Ukimya wa Samehe

Maangamizi ni filamu iliyotoka mwaka 2001 chini ya waongozaji wawili, Mtanzania Martin Mhando na Mmarekani Ron Mulvihill. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Haikuteuliwa, na leo hata wapenzi wakubwa wa Bongo Movie ni wachache wanaoikumbuka.

Mbegu yake ilipandwa mapema. Mwaka 1985 Mulvihill na Nangayoma Ng'oge walitengeneza Arusi ya Mariamu, filamu fupi kuhusu mwanamke anayewaogopa waganga wa jadi. Mhando naye alikuwa na Yombayomba na Mama Tumaini. Mwandishi wa Maangamizi, Queenae Taylor Mulvihill, alilirudia suala la tiba la Arusi ya Mariamu kwa upana zaidi. Asira, daktari wa magonjwa ya akili, Mmarekani mweusi, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya Tanzania na kumkuta mgonjwa aitwaye Samehe, ambaye hajatamka neno kwa miaka mingi. Samehe anatembelewa na bibi wa kale, Maangamizi, asiyeonekana na madaktari wake. Kadiri Asira anavyomkaribia mgonjwa, ndivyo majeraha yake mwenyewe ya utotoni yanavyofunguka.

Samehe aliigizwa na Amandina Lihamba, na hapo ndipo filamu ilipopata moyo wake. Lihamba ni profesa wa sanaa za maonyesho aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwandishi wa tamthilia ya Hawala ya Fedha, mtu aliyeishi na jukwaa, ambako sauti ndiyo silaha. Hapa amenyang'anywa silaha hiyo. Kinachobaki ni macho, mabega na namna ya kukaa, na bado mtazamaji anajua lini Samehe anaogopa na lini anasikiliza. Ni uigizaji wa hali ya juu kabisa, na bado haujapewa heshima unayostahili.

Asira ni BarbaraO, aliyeng'ara katika Bush Mama ya Haile Gerima na Daughters of the Dust ya Julie Dash. Mwanajuma Ali Hassan aliigiza Maangamizi mwenyewe, na Mkenya Waigwa Wachira akawa daktari mwenzake Asira.

Filamu ilitoka wakati mbaya. Majumba ya sinema yalikuwa yamefungwa mengi, na baadhi ya mazungumzo ya filamu hii ni ya Kiingereza. Muda si mrefu filamu za video za Kiswahili, zilizouzwa mitaani kwa bei nafuu, zikateka watazamaji wote. Tanzania haikupeleka filamu nyingine Oscar hadi mwaka 2022, ilipopeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Wanaofundisha uigizaji nchini waionyeshe Maangamizi kwa wanafunzi wao, Lihamba akiwa somo la kwanza.