Kikundi cha Kijijini na Nyumba Kubwa za Dunia



Juma lililopita walitujia wanakikundi wachache wa Nyakitonto, kina mama na vijana wanaofuga nyuki na kulima kwa pamoja. Walikuwa na swali moja: wafanyeje ili kikundi chao kitambuliwe na Umoja wa Mataifa? Kuna mtu aliyewaambia kwamba anaweza kuwapatia cheti cha namna hiyo, na kwamba cheti kikipatikana wafadhili watakuja wenyewe, mradi wamchangie ada ya kuwaandikisha. Walikwisha kuanza kuchanga. Tuliwaomba wasimamishe kwanza mchango huo, nasi tukaahidi kuwajibu kwa maandishi ili jibu liwafae na wengine. Jibu lenyewe limo katika historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika nyanda zetu hizi za Kasulu na Kibondo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1945, mataifa yalipokutana San Francisco kuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, wawakilishi wa vyama vya raia waliokuwapo waliomba nao wapewe nafasi ya kusikilizwa. Ombi lao lilizaa Ibara ya 71, inayoliruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kushauriana na mashirika yasiyo ya kiserikali. Katika miaka ile ya 1940 mashirika yaliyopewa hadhi hiyo ya ushauri yalikuwa 41 tu. Leo yamepita 6,000. Lakini kwa miaka hamsini mlango ulikuwa mwembamba kwa watu kama sisi. Azimio namba 1296 la mwaka 1968 lilitaka shirika la kitaifa, kwa kawaida, litoe maoni yake kupitia shirika la kimataifa ambalo ni mwanachama wake. Ni azimio la 1996/31 lililowafungulia wazi mlango wale wa kitaifa.

Je, mlangoni huulizwa nini? Shirika liwe limesajiliwa na limekuwapo kwa muda usiopungua miaka miwili. Liwe na katiba iliyopitishwa kidemokrasia, viongozi wanaowajibika kwa wanachama, na maelezo ya wazi ya mahali fedha zake zinakotoka. Maombi husomwa na kamati yenye wajumbe kutoka nchi 19, nayo hupendekeza kwa Baraza. Hadhi zenyewe ni za ngazi tatu, na walio katika ngazi mbili za juu hutoa taarifa ya kazi zao kila baada ya miaka minne. Asiyetoa huweza kusimamishwa, hata kuondolewa. Na hapa tuwaombe wana Nyakitonto wasome polepole: maombi hayo hayana ada. Tena hadhi hiyo haimpi mtu fedha. Humpa ruhusa ya kuhudhuria, kuandika na kusema mbele ya mataifa.

Nyumba ya pili tumeiona kwa macho yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, liliundwa Desemba 1950. Mwaka 1964 lilitia saini mkataba wa pande tatu pamoja na Serikali ya Tanganyika na Shirikisho la Kilutheri Duniani, na hapo ndipo ilipozaliwa huduma iitwayo TCRS. Ndugu zetu Walutheri ndio waliotumika miaka mingi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, waliko wapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2006 huduma hiyo iliyoanza kama tawi la shirikisho la ng'ambo ikawa shirika la Kitanzania linalojitegemea. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini.

Kisha mawimbi yakatufikia sisi wenyewe. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Warundi walivuka mpaka kwa maelfu; mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mtabila, Muyovozi, Kanembwa, Nduta, Mtendeli: majina hayo hatuna haja ya kuyafafanua kwa msomaji wa Kasulu au Kibondo. Katika kambi hizo mashirika ya kimataifa na ya Kitanzania yalifanya kazi kwa mikataba na UNHCR. Kila mkataba una kazi iliyotajwa, bajeti iliyopimwa na tarehe ya mwisho. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mtendeli, iliyokuwa imefunguliwa upya mwaka 2016, ilifungwa mwishoni mwa 2021. Kambi ikifungwa, mkataba wake nao hufika mwisho, na gari lenye nembo huondoka. Shirika lililokuwa na mizizi kabla ya mkataba hubaki limesimama. Lile lililokuwa mkataba mtupu hubaki jina kwenye kibao kando ya barabara.

Nyumba ya tatu ni ya udugu, yaani ya uanachama, na mfano wake mzuri ni Msalaba Mwekundu, uliowatibu wengi huko Nyarugusu. Harakati hiyo hutambua chama kimoja tu katika kila nchi. Nchi iwe imekubali Mikataba ya Geneva, Serikali iwe imekitambua chama kwa sheria, na chama kiwe huru katika maamuzi yake, kiwe tayari kuhudumu nchini kote na kisimbague mtu anayetaka kujiunga. Tanganyika ilijifunga na Mikataba ya Geneva Desemba 1962. Mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria ya kuunda chama chetu, na mwaka 1963 kikapokelewa katika familia ya dunia. Tazameni mpangilio wake: kwanza nyumbani, kisha duniani.

Sisi Wakatoliki tunaufahamu utaratibu huo, hata kama hatujautafakari. Caritas Internationalis ilianzishwa mwaka 1951 na Caritas za nchi 13. Leo wanachama wake wamepita 160. Kikundi cha parokia hakiandiki barua Roma kuomba kujiunga. Caritas ya parokia imo katika ile ya jimbo, na zile za majimbo hukutana katika Caritas Tanzania iliyo chini ya Baraza la Maaskofu. Caritas Tanzania ndiyo iliyo mwanachama. Mwaka 2004 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliipa Caritas Internationalis hadhi ya kisheria ndani ya Kanisa, na hadhi hiyo ilikuja na wajibu wa kusimamiwa. Haikuwa maneno matupu. Novemba 2022, tathmini huru ilipoonyesha upungufu katika uongozi na usimamizi, ingawa haikukuta wizi wa fedha, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaondoa viongozi wake wakuu na kuweka msimamizi wa muda. Viongozi wapya walichaguliwa Mei 2023. Ikiwa nyumba kubwa kiasi hicho hukaguliwa, je, sisi wenye kasha dogo la mbao na funguo mbili?

Tunao mfano ulio karibu zaidi. WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, kilianzishwa mwaka 1972 na kimejiunga na Umoja wa Wanawake Wakatoliki Duniani, ulioanzishwa mwaka 1910. Umoja huo unayo hadhi ya ushauri katika Baraza la Uchumi na Jamii. Maana yake ni nini? Mama wa Nyakitonto anayevaa sare yake na kulipa mchango wake kigangoni tayari ameshika mwisho mmoja wa kamba ambayo mwisho wake mwingine umefungwa New York. Hakuna aliyemwuzia cheti. Kamba hiyo ilisokotwa na wanawake waliokutana, wakaandika mihtasari, wakachagua viongozi na kuwabadilisha kwa amani, mwaka baada ya mwaka.

Basi, tumeziona nyumba tatu: ya ushauri, ya mkataba na ya udugu. Wasimamizi wake ni tofauti, lakini mlangoni swali ni moja: huko kwenu mnajulikana? Hakuna hata moja inayokipa uhai kikundi kisichokuwa nao. Kila moja hutambua uhai uliokwisha kuwapo, kisha huomba kuelezwa unaendeleaje.

Kwa hiyo wana Nyakitonto wana safari, na inaanzia karibu. Kikundi kidogo cha kijamii huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii katika halmashauri ya wilaya. Kikikua na kutaka kuwa shirika lisilo la kiserikali, kipo chini ya Sheria ya mwaka 2002, inayoruhusu usajili wa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa, na inayodai taarifa ya kazi kila mwaka. Hapo katikati kuna kazi isiyo na shangwe: kuandika katiba ambayo kila mwanachama ameielewa, kuweka mihtasari, kuandika siku ileile kiasi cha asali kilichouzwa na fedha iliyopokelewa, na kuwasomea wanachama hesabu bila kusubiri kuulizwa. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Mhasibu wa kikundi hicho, mama mmoja mtaratibu, alitusikiliza siku ile hadi mwisho, kisha akatuuliza kuhusu fedha iliyokwisha kuchangwa na ambayo bado ilikuwa mikononi mwake. Tulimshauri awaite wanachama wote, awaeleze ilichangwa kwa sababu gani na kwa nini haikutumika, wao wenyewe waamue, na uamuzi huo uandikwe katika daftari na kutiwa saini. Watakapofanya hivyo, watakuwa wameandika ukurasa wa kwanza wa maombi yao, iwe watabisha hodi New York, Geneva, Roma, au hapahapa Kasulu.