Mtutu na Mashahidi Wake

Vitu vya kale havisemi uongo. Waongo ni sisi tunaovirithi, kuviuza na kuvisimulia. Nimelifikiria sana jambo hili kila nisomapo habari za bunduki za kale za Marekani, zile zenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio, ambao mpigaji huushusha na kuupandisha ili kutupa ganda tupu na kuingiza risasi mpya. Msomaji aliyepata kutazama sinema za wachunga ng'ombe anazijua. Swali linalowasumbua wakusanyaji wa bunduki hizo ni jepesi kulitamka, gumu kulijibu: je, risasi inayoingia humo leo ndiyo iliyokusudiwa kiwandani?

Tuchukue Winchester ya mwaka 1873, iliyotengenezwa New Haven katika jimbo la Connecticut. Ilianza na risasi ya aina moja tu, ile iliyokuja kujulikana kama 44-40. Namba ya kwanza ni unene wa risasi katika sehemu za mia za inchi, kwa kukadiria. Ya pili ni uzito wa baruti nyeusi kwa greni. Kwa kuwa aina ilikuwa moja, kiwanda hakikuona haja ya kuiandika juu ya chuma. Ilipofika karibu mwaka 1880 ikaja 38-40, na mwaka 1882 ikafuata 32-20. Hapo ndipo alama zikawa za lazima, juu ya mtutu na chini ya kile kipande cha shaba kinachoinua risasi kuipeleka chemba. Kwa hiyo bunduki ya miaka ya mwanzo isiyo na alama haistahili kushukiwa kwa sababu hiyo peke yake. Wakati mwingine ukimya nao ni ushahidi.

Kwa nini basi watu walizibadili? Baruti nyeusi na fataki za zamani ziliacha masizi na chumvi zilizokaribisha kutu. Mtutu usiposafishwa mapema uliliwa ndani, michirizi yake ikafifia, na shabaha ikapotea. Mkulima aliyekuwa mbali na mji hakuitupa bunduki yake. Aliipeleka kwa fundi. Risasi ya 38-40 ilizaliwa kwa kubana shingo ya ganda la 44-40, hivyo fundi aliweza kuupanua mtutu wa 38 uwe wa 44 bila kubadili sehemu nyingine nyingi. Hapakuwa na hila yoyote. Hila ilikuja baadaye, bunduki hizo zilipoanza kuuzwa kwa bei ya vito.

Anayetaka kujua ukweli huwaita mashahidi zaidi ya mmoja. Wa kwanza ni maandishi ya chuma. Alama ya aina ya risasi kwa kawaida ilipigwa kiwandani kabla ya mtutu kung'arishwa na kutiwa rangi, hivyo kingo za herufi zimelala. Herufi zilizopigwa juu ya chuma kilichokwisha kamilika huacha kingo zilizovimba. Mtutu ukisema 44 na kile kipande cha shaba kikasema 38, hapo pana kisa. Tena, kuanzia mwaka 1905 kiwanda kilipiga muhuri wa herufi WP ndani ya umbo la yai, juu ya mtutu na juu ya mwili wa bunduki. Ukiukuta kwenye mtutu pekee, yaelekea mtutu huo ulikuja baadaye.

Shahidi wa pili ni kipimo. Fundi humimina ndani ya chemba madini yanayoyeyuka kwa moto mdogo, yakiganda huyatoa na kupata sura kamili ya chemba. Kisha husukuma kipande cha risasi laini katika mtutu na kukipima. Kazi hii haihusu bei tu. Alama inaweza kusema hivi na chemba ikawa vile, na anayeiamini alama bila kupima anaweza kupoteza jicho au maisha.

Shahidi wa tatu ni daftari. Jumba la makumbusho la bunduki huko Cody, Wyoming, limehifadhi vitabu vya kiwanda, ambamo kwa namba ya bunduki huweza kuonekana aina ya risasi, siku ilipotoka ghalani, na pengine siku iliporudishwa kwa matengenezo. Lakini daftari nalo lina mipaka. Kwa aina ya mwaka 1895, vitabu vinaishia namba 59,999, ilhali zilitengenezwa zaidi ya 400,000, na karibu 294,000 kati ya hizo zilikwenda Urusi katika Vita Kuu ya Kwanza.

Aina hiyo ya 1895 ndiyo iliyofika kwetu kwa kishindo. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909, miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Winchester ya .405, naye akaisifu sana kwa kuwindia simba. Risasi ya .405 ilianza mwaka 1904. Basi, bunduki ambayo namba yake ni ya mwaka 1898 nayo inapiga .405 haikuzaliwa hivyo, hata kama mwenyewe ataapa.

Je, iliyobadilishwa ina aibu? Mimi sioni hivyo. Hata kiwanda chenyewe kilipokea bunduki za zamani na kuzitia mitutu mipya. Bunduki iliyopanuliwa mtutu na fundi wa kijijini ina historia mbili, ya kiwanda na ya mtumiaji, na ya pili mara nyingi ndiyo yenye jasho la watu. Kosa ni kuifuta moja ili kuipamba nyingine. Muuzaji anayesema, "Hii ilizaliwa 38, ikafanywa 44," amemwachia mnunuzi kitu cha thamani ndogo kidogo sokoni, lakini amemwachia historia nzima, pamoja na usalama wake.