Mzazi na Mwalimu: Fedha Ilitufunga Pamoja, Sasa Tufungwe na Nini?



Komite imeniomba niandike juu ya shule katika toleo hili la kumbukumbu. Madarasa, madawati na vitabu vinaandikwa kila mwaka katika ripoti, kwa hiyo sitavirudia. Nimechagua jambo lisiloandikwa: namna mzazi na mwalimu walivyoishi pamoja nchini kwetu Kongo, hadi wakafika wote wawili hapa Nyarugusu. Tunasikia kila siku kwamba wazazi hawafiki shuleni. Anayesema hivyo hataelewa sababu asipojua tulikotoka.

SHULE ILIKUWA YA WENGINE

Kabla ya shule ya daftari na ubao, mzazi alimjua anayemfundisha mwanawe, na alijua anachofundishwa. Kwa ndugu zetu Warega, kwa mfano, wazee wa Bwami walifundisha maadili kwa methali na kwa vitu vilivyochongwa. Mfundishaji alikuwa mtu wa ukoo, si mgeni.

Serikali ya Wabelgiji iliwaachia wamisioni karibu kazi yote ya shule za Wakongomani, na kwa makubaliano ya miaka ya 1925 na 1926 ikaanza kuwapa ruzuku kwa utaratibu maalum. Misioni ilichagua mwalimu, ilichagua masomo, ilichagua hata siku za kupumzika. Mzazi aliombwa kitu kimoja tu: amtoe mtoto. Shule za Serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kikongo zilianza kufunguliwa mwaka 1954, nazo pia zilipangwa kutoka juu. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima.

Baada ya uhuru shule zilipita mikono mingi. Mwishoni mwa 1974 Serikali ya Mobutu ilizitaifisha shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ulitiwa sahihi mkataba wa kuyarudishia makanisa uongozi wa shule, huku Serikali ikibaki na kazi ya kulipa mishahara. Waliotia sahihi walikuwa Serikali na makanisa. Mzazi alibaki nje ya ua, akisubiri kengele ilie mtoto arudi nyumbani.

MZAZI ANAKUWA MLIPAJI

Siku ilifika mzazi akaitwa ndani ya ua, lakini aliitwa kwa sababu ya njaa ya mwalimu.

Wakubwa wetu wanakumbuka. Mishahara ilianza kudhoofu katika miaka ya 1980. Mwezi Septemba 1991 uporaji ulilipuka Kinshasa ukaenea katika miji mingine, na Januari 1993 ukarudi. Oktoba 1993 ilitolewa pesa mpya, na noti moja ya zaire mpya ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Mshahara wa mwezi haukununua tena chakula cha juma. Walimu waligoma na shule zikafungwa kwa miezi mingi. Hapo ndipo wazazi, hasa katika shule za Kikatoliki, walipokubali kumlipa mwalimu wenyewe. Pesa hiyo tuliiita "prime", na ililipwa pamoja na minervali.

Tuseme wazi, maana ni haki ya wazazi wetu kusifiwa: shule ya Kongo iliokolewa na mfuko wa mama anayeuza mihogo na samaki. Hata katika vita vya 1996 na 1998, mahali pengi ambako Serikali haikutuma hata faranga moja, watoto waliendelea kusoma kwa sababu wazazi walichanga.

Lakini fedha hiyo hiyo iliyotufunga pamoja ndiyo iliyotutenganisha. Kila mwezi orodha ilisomwa mbele ya darasa, na wasiolipa walifukuzwa. Mwalimu mwenye njaa akawa mdai, mzazi akawa mdaiwa, na mwenye deni hapiti mbele ya nyumba ya anayemdai. Komite ya wazazi ilikuwapo, na rais wake aliketi katika baraza la uongozi wa shule, lakini mikutano mingi ilikuwa na swali moja: mwaka huu ni kiasi gani? Tena sehemu ya pesa hiyo haikumfikia mwalimu. Ilipanda ngazi hadi ofisi za juu, naye mzazi akamlaumu yule aliyemwona kwa macho.

Mimi pia nilifukuzwa mara kwa mara nilipokuwa darasa la nne. Mwalimu wangu alikuwa jirani yetu, tulichota maji pamoja na watoto wake. Hata hivyo mama alikuwa akipitia njia ya nyuma ili asikutane naye. Hawakuwa wamegombana. Ni orodha ile tu.

KAMBINI ADA IMEONDOKA, NA MZAZI PIA

Vita vilipofika Kivu Kusini mwezi Oktoba 1996, watu wetu walivuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na Nyarugusu ikafunguliwa mwishoni mwa mwaka huo. Vita vya 1998 vilileta wengine. Kambi ya Lugufu ilipofungwa mwaka 2009, ndugu zetu wa huko walihamia hapa. Kuanzia 2015 walifika pia ndugu zetu Warundi na shule zao.

Wazee wanasimulia kwamba madarasa ya kwanza yalikuwa chini ya miti. Mwalimu hakuwa na mshahara, mzazi hakuwa na pesa. Mwalimu alileta alichojua, mzazi alileta nguzo na majani. Baadaye UNHCR na mashirika walileta majengo, daftari na posho ya walimu. Mtoto hafukuzwi tena kwa sababu ya ada. Hii ni neema kubwa na hatuisahau.

Lakini tuangalie kilichotokea. Nchini kwetu mzazi alikuwa amezoea kuitwa shuleni kwa jambo moja tu, yaani kulipa. Malipo yalipoondoka, wito wenyewe uliondoka. Leo mzazi anasema, "Shule ni ya shirika." Mwalimu naye anasema, "Anayenilipa ni shirika." Wote wawili wanatazama ofisini, hakuna anayemtazama mwenzake.

Si sisi peke yetu tuliopitia mabadiliko haya. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Burundi mwaka 2005, na Kongo mwaka 2019. Kila mahali watoto walijaa madarasani. Tanzania ilipopanua elimu bila ada mwaka 2016, Serikali ilitoa waraka kueleza kazi zinazobaki mikononi mwa mzazi. Ilionekana lazima kuandika kwamba elimu bila ada si elimu bila mzazi.

MTOTO ANAPOTEA KATIKATI

Hasara yake ni nini? Siku ya kugawa chakula madarasa yanapungua, kwa kuwa watoto wamekwenda kubeba mzigo. Wengine wanarudi kesho yake, wengine baada ya juma. Msichana wa darasa la tano anaanza kukosa siku mbili, kisha nne. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja anadhani amehama au ni mgonjwa. Mama anamwona akitoka asubuhi na daftari, anadhani yuko shuleni. Mwisho wa muhula jina linafutwa, na hakuna aliyeuliza. Mtoto amepotea katikati ya mzazi na mwalimu, kila mmoja akidhani yuko kwa mwenzake.

Dawa yake haihitaji fedha. Waliofundisha chini ya miti walikuwa nayo.

Walimu wenzangu, tuzijue nyumba. Tugawane vijiji, kila mwalimu na kijiji anachoishi. Mtoto akikosa siku tatu, mlango wake ubishwe jioni hiyo. Na tumtembelee mzazi siku mtoto amefanya vizuri pia, ili akituona asiulize kwanza, "Amekosa nini?"

Wazazi wetu, msiogope Kifaransa. Mama asiyejua kusoma anaweza kufungua daftari kila jioni akauliza, "Nionyeshe ulichoandika leo." Ukurasa mtupu hauhitaji mkalimani. Mtoto akijua daftari litafunguliwa, atalijaza. Na siku ya chakula, majirani wapeane zamu ya kubeba mizigo ili watoto wabaki darasani.

Komite za wazazi zisiitwe tu siku wageni wanapokuja. Zikae na walimu kila mwezi juu ya ajenda moja: ni nani hayupo, na kwa nini?

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, msihesabu sahihi za mkutano peke yake. Penye soda sahihi hupatikana. Ulizeni ni watoto wangapi waliokuwa wameacha shule wamerudi baada ya mkutano, na ni nani aliyewafuata.

Sisi wakimbizi hatujui kesho tutakuwa wapi. Wengine watarudi Kongo, wengine watapelekwa nchi za mbali. Nyumba hizi tutaziacha, na madarasa haya pia. Mtoto ataondoka na alichotiwa kichwani, na hicho hutiwa na mikono miwili, wa nyumbani na wa shuleni. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Muhula ukifunguliwa, mzazi asisubiri barua ya kuitwa. Afike tu. Nasi walimu tusimwulize amefuata nini. Tumpe kiti.

Mwalimu wenu wa shule ya msingi