Sentimita za Pembeni

Mashine ya karatasi haimjui mteja. Ina upana wake, tuseme sentimita 340, na upana huo ndio inaoutema usiku na mchana. Mteja naye ana mashine yake: wa madaftari anataka roli la sentimita 70, wa mifuko anataka 120, wa maboksi anataka 150. Katikati yao anakaa mtu mwenye penseli, anayeamua visu vya kukatia vikae wapi. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka mingi Dar es Salaam, katika kiwanda kisichotengeneza karatasi bali kinachonunua maroli makubwa, sisi tukiyaita majumbo, na kuyakata. Shuleni nilipenda hesabu, kwa hiyo nilipozoea kazi nilianza kuwatafuta walioumiza vichwa juu ya visu hivyo kabla yangu.

Kumbe zamani tatizo lenyewe halikuwepo. Karatasi ilitengenezwa kwa mkono, fremu moja kwa wakati mmoja: fundi anachota rojo, anatikisa, maji yanachuruzika, inabaki karatasi yenye ukubwa wa fremu. Ukitaka ndogo, unachukua fremu ndogo. Basi. Mwaka 1799 Nicolas-Louis Robert, mwajiriwa wa kiwanda cha Didot huko Essonnes, kusini mwa Paris, alipata hataza ya mashine yenye wavu unaozunguka bila kukoma, na karatasi ikawa haina mwisho. Wazo likavuka hadi Uingereza. Ndugu wawili wauza karatasi wa London, Henry na Sealy Fourdrinier, walimwaga fedha zao humo, na fundi Bryan Donkin akaifanya mashine ifanye kazi kweli katika kinu cha Frogmore mwaka 1803. Ndugu hao walifilisika. Jina lao lipo mpaka leo kwenye mashine za aina hiyo, faraja ndogo kwa mtu anayedaiwa.

Karatasi isiyo na mwisho lazima ikatwe, na hapo ndipo mabaki ya pembeni yalipozaliwa. Wageni wa kiwandani hupenda kusema kwamba mabaki si hasara, kwa sababu kinu kinayarudisha kwenye pipa la rojo na kuyatengeneza upya. Wanasahau maji. Rojo linapomwagwa juu ya wavu huwa maji zaidi ya asilimia 99. Kuyatoa maji hayo, na hasa yale ya mwisho yanayong'ang'ania kwenye nyuzi, kunahitaji mitambo ya kukamua na silinda za mvuke zilizopangwa safu kwa safu. Ukirudisha kipande kwenye pipa umeokoa nyuzi za mti, lakini umeutupa mvuke na muda wa mashine. Sisi wakataji tuna hali mbaya zaidi: pipa la rojo hatuna. Kipande chembamba kikishadondoka kinafungwa marobota na kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa karatasi chakavu, wakati tumekinunua kwa bei ya karatasi mpya na kukilipia meli na ushuru.

Chukua kalamu tufanye oda moja. Jumbo ni sentimita 340. Wateja wanataka roli 20 za sentimita 150, roli 20 za 120 na roli 40 za 70, urefu uleule. Karani mgeni ataanza na kubwa: 150 mbili kwa kila jumbo, zinabaki sentimita 40 za kutupa, majumbo 10. Kisha 120 mbili na 70 moja, zinabaki 30, majumbo mengine 10. Zile 70 zilizobaki ni 30, anazipanga nne nne, majumbo 8, la mwisho likiwa na mbili tu. Jumla majumbo 28, na jioni analala usingizi mzuri. Mzee aliyenifundisha kazi angemwamsha. Alikuwa na daftari la hesabu lenye kona zilizokunjika, kurasa zilizojaa mafungu ya namba zinazojumlika kuwa 340 au karibu yake. Kwa oda hii kidole chake kingekwenda moja kwa moja kwenye 150 na 120 na 70: ni 340 kamili, hakibaki hata kipande. Anakata 20 za namna hiyo, anamaliza 70 zilizosalia kwa majumbo 5. Jumla 25. Majumbo matatu yamebaki bohari bila kuguswa.

Vinu vya dunia nzima viliishi kwa madaftari ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Siwadharau waliokuwa nayo. Walikuwa wakifanya utafiti wa uendeshaji kabla wenye shahada hawajaupa jina. Walichokosa ni kimoja: mtu wa daftari hajui aache lini kutafuta. Amepata 25, lakini je, hakuna 24? Hapa ni rahisi kumjibu. Upana wote ulioagizwa ni sentimita 8,200, na majumbo 24 yana 8,160 tu. Oda ikiwa na vipimo arobaini, hesabu hiyo ya haraka haitoshi tena.

Jibu lilianzia kwenye mbao. Mwaka 1938, huko Leningrad, maabara ya shirika la plaiwudi ilipeleka swali chuo kikuu. Walikuwa na mashine kadhaa za kumenya magogo na aina kadhaa za magogo, kila mashine ikiwa na kasi yake kwa kila aina. Wagawanye vipi kazi ili plaiwudi itoke nyingi iwezekanavyo? Swali lilimwangukia Leonid Kantorovich, profesa wa miaka 26. Mwaka uliofuata alitoa kijitabu kuhusu mbinu za kihesabu za kupanga uzalishaji, na ndani yake, mbali na plaiwudi, kuna sehemu nzima juu ya kupunguza mabaki wakati wa kukata malighafi. Mwaka 1951 yeye na Viktor Zalgaller walichapisha kitabu kizima juu ya ukataji wenye mahesabu.

Siri ya njia ya Kantorovich ilikuwa namba ndogo zilizoambatanishwa na kila kitu kilicho haba: saa ya mashine hii ina thamani kiasi hiki, gogo la aina ile kiasi kile. Mfanyabiashara wa Kariakoo angeziita bei. Katika Urusi ya Stalin, ambako bei ilitakiwa itokane na jasho la mfanyakazi na maagizo ya mpango wa taifa, halikuwa jambo la kutamka ovyo. Kitabu chake kikubwa cha uchumi, alichokiandika wakati wa vita, kilichapishwa mwaka 1959. Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha kiwanda cha mabehewa cha Leningrad kilichofuata njia hiyo kukata bati: mabaki yalipungua sana, na kiwanda kikaingia matatani kwa kuwa mpango ulikitaka pia kipeleke kiasi fulani cha vyuma chakavu. Kila aliyewahi kuandika ripoti ya malengo ya mwaka atakielewa kisa hicho bila maelezo.

Upande wa pili wa dunia watu walianza upya bila habari zake. Mmarekani George Dantzig alibuni njia yake ya kutatua maswali ya aina hiyo, yaitwayo upangaji wa mstari, mwaka 1947. Ndiyo ileile ambayo wanafunzi wa kidato cha nne Tanzania hukutana na mdogo wake: unachora mistari, unatia kivuli, unasoma pembe za umbo. Vinu vya karatasi za magazeti vya Kanada vilikuwa na sababu ya kuitazama, maana kila gazeti lilikuwa na upana wake wa mtambo na kinu kiliuza kwa magazeti mengi. Mwaka 1955 A. E. Paull na J. R. Walter waliandika juu ya kuitumia njia hiyo kwenye karatasi za magazeti. Mwaka 1957 Kurt Eisemann naye akaandika. Wote walikwama palepale. Ili kompyuta ichague mipangilio bora ya visu, lazima kwanza uiorodheshee mipangilio yote.

Na mipangilio ni mingi kupita kiasi. Paul Gilmore na Ralph Gomory, wawili wa IBM, walitoa mfano wa roli la inchi 200 na vipimo arobaini kati ya inchi 20 na 80, wakasema mipangilio inaweza kupita milioni 10, hata milioni 100. Gilmore alikuwa Mkanada, mtu wa mantiki aliyekuwa akiifundisha kompyuta kuthibitisha nadharia. Gomory, kijana wa Brooklyn, alikuwa tayari na jina kwa njia yake ya kupata majibu yasiyo na sehemu. Makala yao ya mwaka 1961 inasema, kwa ufupi, usiorodheshe. Anza na mipangilio michache, hata mibovu, halafu iulize kompyuta ni mpangilio gani unaokosekana.

Turudi kwenye oda yetu na mipangilio mitatu ya karani mgeni. Kama jumbo zima ni 1, basi roli la 150 lina bei ya nusu, kwa kuwa mawili yanakula jumbo zima. La 70 lina robo, kwa kuwa manne yanakula jumbo. La 120 linapatikana kwenye ule mpangilio wa 120 mbili na 70 moja: toa robo kwenye 1, gawa kwa mbili, unapata 0.375. Sasa tafuta mchanganyiko wowote unaoenea ndani ya sentimita 340 ambao bei zake zikijumlishwa zinapita 1. Jumlisha 150, 120 na 70: 0.5 na 0.375 na 0.25 ni 1.125. Umelipa jumbo moja, umepata bidhaa za zaidi ya jumbo moja. Mpangilio huo unaingizwa kwenye orodha, bei zinapigwa upya, unatafuta tena. Ikifika mahali hakuna mchanganyiko unaopita 1, umemaliza. Hata hiyo milioni 100 ambayo hukuiangalia haina kitu bora zaidi. Ndiyo ruhusa ya kuacha kutafuta, ile ambayo mzee wangu hakuwa nayo.

Nilipofanya hesabu hiyo kwa mkono mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini. Kompyuta haikuwa inatafuta jibu kichwa mchunga. Ilikuwa inafanya biashara. Makala ya pili ya Gilmore na Gomory, ya mwaka 1963, iliingia ndani zaidi ya kinu cha karatasi na kushughulikia hata jambo la kawaida kabisa, kwamba mashine ina idadi maalumu ya visu. Walipewa tuzo ya Lanchester ya utafiti wa uendeshaji. Kantorovich alipata Nobel ya uchumi mwaka 1975, pamoja na Tjalling Koopmans. Njia ya Gilmore na Gomory imetoka zamani kwenye karatasi. Mashirika ya ndege huitumia kuwapangia marubani safari, kila mfululizo wa safari ukichukua nafasi ya mpangilio mmoja wa visu.

Afrika Mashariki ilijenga vinu vyake wakati hesabu hizo zimeshakomaa. Kinu cha Webuye, magharibi mwa Kenya, kilianza miaka ya 1970. Cha Mgololo, Mufindi, kinachokula misindano ya msitu wa Sao Hill, kilianza kuzalisha mwaka 1985. Webuye kilifungwa Januari 2009 kikiwa na madeni. Nawajua wahandisi wanaoamini kwamba mahesabu mazuri yangekiokoa, na kila mara nawabishia: kupanga visu kunaokoa asilimia chache za karatasi, na deni la umeme halilipwi kwa asilimia chache za karatasi.

Kasoro ya njia yenyewe huonekana haraka ukisimama karibu na mashine ya kukata. Kwanza, majibu hutoka na sehemu: kwenye oda yetu karani mgeni angeambiwa akate majumbo saba na nusu ya zile 70. Pili, kila ukibadilisha mpangilio lazima mashine isimame, opereta asogeze visu, apime, akaze, ajaribu mita kadhaa, atupe. Hesabu ya 1961 inahesabu mabaki. Dakika hizo haizioni. Robert Haessler, Mmarekani, alilishika jambo hilo mwaka 1971, akarudi tena mwaka 1975 na makala mahsusi juu ya kupunguza mabadiliko ya mipangilio. Hakudai jibu lililo bora kabisa. Alijenga mpango hatua kwa hatua, akiupa kipaumbele mpangilio unaoweza kurudiwa mara nyingi kabla ya kugusa visu. Kwa maoni yangu ndiye aliyekaa karibu zaidi na opereta kuliko wote niliowataja.

Kiwanda chetu kilinunua programu ya kupanga visu mzee akiwa amebakiza muda mfupi astaafu. Hakuikataa. Alivuta kiti, akaniambia, "Haya binti, iulize oda ya leo." Programu ikatoa majumbo 61 kwa mipangilio tisa. Yeye akafungua daftari, akaandika, akapiga simu ofisi ya mauzo kumwomba mteja mmoja apokee sentimita 72 badala ya 70 kwa bei ileile, akaandika tena. Akatoa majumbo 62 kwa mipangilio minne. Fomeni aliitazama saa ya ukutani, akachukua karatasi ya mzee.