Fahamu jinsi kipenga kinavyotoa sauti

Mwamuzi anapopuliza kipenga uwanjani, wengi hudhani kuwa kinacholia ni kile kipira kidogo kinachozunguka ndani yake. Hata hivyo, kipira hicho kikiondolewa kipenga bado hulia, kwa kuwa kinachotetemeka ni hewa yenyewe.

Sauti yoyote huanza na mtetemo. Kitu kinapotetemeka huisukuma na kuivuta hewa iliyo jirani, na msukumo huo husafiri kwa mawimbi, kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde, hadi kwenye ngoma ya sikio. Mitetemo ikiwa mingi kwa sekunde, sauti huwa nyembamba. Ikiwa michache, sauti huwa nene.

Katika ngoma kinachotetemeka ni ngozi, katika gitaa ni nyuzi, na katika siwa, baragumu la kale la pwani ya Afrika Mashariki, ni midomo ya mpulizaji.

Kipenga hakina ngozi wala uzi. Pumzi hupita katika njia nyembamba na kutoka mithili ya utepe wa hewa, ambao hugonga ukingo mkali wa tundu lililo juu. Utepe huo hautulii: mara huingia ndani ya chumba cha kipenga, mara hutoka nje. Hewa iliyomo chumbani hubanwa na kuachiwa, na ndiyo inayotawala mwendo huo. Chumba kikiwa kidogo, sauti huwa nyembamba zaidi. Kazi ya kipira ni kuikatiza sauti kila kinapopita karibu na tundu, na hapo ndipo ule mtikisiko unapotokea.

Jambo hilo linaweza kuthibitishwa nyumbani kwa chupa ya soda. Mtu akipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu hupata sauti nene. Akitia maji kidogo kidogo, nafasi ya hewa hupungua na sauti huwa nyembamba. Lakini akiigonga chupa hiyo hiyo kwa kijiko, mambo hugeuka: kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo sauti inavyozidi kuwa nene, maana sasa kinachotetemeka ni kioo, nayo maji hukiongezea uzito.

Birika linalopiga filimbi lina siri yake pia. Mwaka 2013, Ross Henrywood na Anurag Agarwal wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza kuwa mvuke hupita katika matundu mawili yanayofuatana. Ukitoka tundu la kwanza huanza kuyumba, na ukifika la pili hufanya vizingia vidogo vinavyozaa mlio.

Kipenga chenye kipira kilipata umaarufu kutokana na kazi ya Joseph Hudson wa Birmingham, Uingereza, katika miaka ya 1880. Kasoro yake ni kwamba kipira kinaweza kukwama kwa mate, maji au uchafu. Kasoro hiyo ndiyo iliyomsukuma Ron Foxcroft, mwamuzi wa mpira wa kikapu kutoka Kanada, kuingiza sokoni mwaka 1987 kipenga kisicho na kipira. Ndani yake mna vyumba vitatu vyenye sauti zinazokaribiana, na kugongana kwa sauti hizo huleta mtikisiko ule ule.

Faida yake haiishii michezoni. Kanuni za kimataifa za vifaa vya uokoaji melini zinataka kila jaketi la kuokolea maisha liwe na filimbi iliyofungwa kwa kamba. Mtu aliye majini huchoka upesi kupiga kelele, ilhali filimbi humgharimu pumzi tu, na mlio wake huangukia katika sauti nyembamba ambazo sikio la binadamu huzinasa kwa wepesi kuliko nyingine. Filimbi isiyo na kipira haina cha kukwama ndani yake. Maji yakishatoka, hulia tena.